Somo la Familia: Mtoto, Mbwa Mdogo na Neno la Mzazi

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Samweli 12:1-6, Mithali 12:10, Mathayo 5:37, Luka 16:10

Lengo la somo: Tuone jinsi mnyama mdogo anavyoweza kuwafundisha watoto wetu uaminifu, na kwanza kutufundisha sisi wazazi.



Somo hili limetokana na swali ambalo wazazi kadhaa wameuliza baada ya ibada. Mtoto anarudi kutoka shuleni na mtoto wa mbwa mkononi, anasema, "Mama, tumfuge." Mzazi anatazama sufuria, anatazama mgao uliobaki, halafu anamtazama mtoto. Afanye nini? Wengine wanacheka wakisikia swali kama hilo. Wanasema, mkimbizi na mbwa wapi na wapi? Tusicheke. Mtoto aliyepoteza nyumba, shamba, shule na marafiki, anapoomba kitu kimoja cha kupenda, ameomba jambo kubwa.

Kabla ya kufundisha wengine, ninaomba niungame kosa langu mwenyewe.

1. NENO NILILOSEMA NJIANI

Mwezi wa Novemba mwaka 2019 mauaji yalizidi katika eneo la Beni. Usiku mmoja tulitoka kijijini kwetu, mimi na mke wangu, mvulana wetu wa miaka 8 na msichana wa miaka 5. Tulikuwa na mbwa jina lake Simba. Alitufuata mpaka barabarani, mahali tulipopata lori la kwenda Kasindi. Dereva alikuwa na haraka. Mtoto wangu akashika shingo ya Simba, akakataa kupanda.

Nikamwambia, "Simba atabaki kulinda nyumba. Kesho papa atarudi kumchukua."

Nilijua kwamba sitarudi. Nilitaka tu apande lori. Akapanda.

Tulifika Kasindi, tukavuka daraja la mto Lhubiriha kwa miguu, tukaingia Mpondwe. Wengi wenu mnapajua mahali pale. Siku zile kila mtu alinawa mikono kwa maji yenye dawa na kupimwa joto, kwa sababu Ebola ilikuwa imetangazwa upande wetu tangu Agosti 2018, na Juni 2019 iliingia hata Kasese. Bwera tulipokelewa na ndugu za mke wangu. Mnajua wenyewe kwamba sisi Wanande na Wakonzo ni watu wa lugha moja, ni mpaka tu uliopita katikati yetu. Walitupa chumba, wakatupa na blanketi. Mungu awabariki.

Asubuhi ya kwanza mtoto aliniuliza, "Papa, leo ndiyo ile kesho?" Nikasema, "Bado." Asubuhi ya pili akauliza tena. Aliuliza karibu majuma mawili. Kisha akanyamaza. Mimi nikamshukuru Mungu nikifikiri amesahau.

Hakuwa amesahau. Alikuwa ameacha kuniamini. Nilikuja kuliona jambo hilo polepole. Nikimwambia nitamnunulia daftari, haulizi lini. Nikimwambia mambo yatakuwa mazuri, anaangalia chini. Akipewa mkate, anakula nusu na kuficha nusu chini ya mkeka. Mtoto anayeficha mkate ni mtoto ambaye hategemei neno la mtu yeyote kuhusu kesho.

Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa madarasa mengi milango haikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Zilipofunguliwa, mwanangu alikuwa na miaka 10. Alikuwa amesoma Kifaransa kwetu, na huku ni Kiingereza, hivyo wakamweka P3 pamoja na watoto wadogo. Alikuwa mrefu kuliko wote. Asubuhi aliumwa tumbo kila siku. Siku ya Jumamosi tumbo lilipona.

2. TUMEFIKA

Mwezi wa Februari jike la mbwa wa jirani lilizaa. Kila jioni mtoto wangu alienda kukaa karibu na wale wadogo. Alitueleza kwamba wanazaliwa macho yamefumba, na baada ya siku kama kumi hivi au majuma mawili ndipo yanafunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akieleza jambo bila kuulizwa.

Akaomba mmoja. Mke wangu akasema, "Mdomo mwingine tena?" Alikuwa na haki kusema hivyo. Tuliketi wawili usiku tukahesabu. Makoko ya ugali yapo. Maji ya dagaa yapo. Mifupa ya samaki wa Katwe tutaondoa ile mikali. Tukakubaliana, lakini nikamwambia mke wangu, "Safari hii sitasema neno nisilolitimiza."

Jirani alituambia mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya majuma manane. Yalibaki majuma matatu. Nilichukua kaa la moto lililozimika, nikachora mistari mitatu nyuma ya mlango. Nikamwambia mtoto, "Kila Jumamosi tutafuta mmoja. Ukiisha wa tatu, tutaenda pamoja kumchukua." Hakujibu kitu.

Jumamosi ya tatu nilipata kazi ya kubeba mizigo sokoni Mpondwe, na mvua ilinyesha sana. Kazi ya siku nzima si jambo dogo kwa mkimbizi. Niliomba ruhusa saa sita, nikakosa nusu ya malipo. Nilimkuta mtoto ameketi mlangoni akiangalia ule mstari wa mwisho. Tulienda kwa jirani kwenye mvua. Alimbeba mbwa ndani ya shati lake. Nikamuuliza atamwita nani. Akafikiri kidogo, akasema, "Tumefika."

Tulikuwa Uganda zaidi ya miaka miwili. Kwa mtoto wangu, tulifika siku ile.

3. NENO LA MUNGU LINASEMAJE?

Wapendwa, Biblia haikusahau wanyama wa nyumbani. Tuangalie sehemu chache.

(a) Kondoo wa maskini. Katika 2 Samweli 12, nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi na kumsimulia habari za watu wawili. Tajiri alikuwa na mifugo mingi. Maskini alikuwa na mwana-kondoo mmoja tu. Soma mstari wa 3 polepole. Yule mnyama alikua pamoja na watoto wa nyumba ile, alikula katika chakula chao kidogo, na alilala kifuani kwa mwenye nyumba. Nathani hakumcheka maskini kwa kumpenda mnyama. Daudi naye aliposikia kwamba tajiri alimnyang'anya, hasira yake iliwaka. Basi tujue kwamba Mungu anauona upendo wa maskini kwa kiumbe kidogo, wala hauhesabu kuwa upuuzi.

(b) Mwenye haki na mnyama wake. Mithali 12:10 inafundisha kwamba mtu mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Angalia, haisemi mtu mwenye mali. Inasema mwenye haki. Hata mtu asiye na shamba anaweza kuonyesha haki yake kwa jinsi anavyomtendea mbwa. Na katika Kutoka 23:12, siku ya kupumzika ilitolewa kwa ng'ombe na punda pia, na kwa mgeni anayekaa kati ya watu. Mnyama na mgeni wamewekwa katika amri moja. Sisi tulio wageni tuikumbuke amri hiyo.

(c) Makombo ya mezani. Katika Mathayo 15:21-28, mama Mkanaani anamwambia Yesu kwamba hata mbwa wadogo wanakula makombo yanayoanguka kutoka mezani. Mama yule alikuwa anamwombea binti yake. Alijua maisha ya nyumba yenye watoto na mbwa chini ya meza, na kutoka hapo akapata maneno ya imani. Bwana alimsifu.

(d) Ndiyo iwe ndiyo. Mathayo 5:37 tunaijua wote. Mara nyingi tunaihubiri kuhusu biashara na viapo. Lakini mtu wa kwanza anayesikia ndiyo yetu na siyo yetu ni mtoto wetu. Na katika Luka 16:10 Bwana anafundisha kwamba mwaminifu katika dogo ni mwaminifu hata katika kubwa. Kumwambia mtoto "Jumamosi" na Jumamosi ikafika, hilo ni dogo. Ndipo kubwa linapojengwa.

4. KABLA YA KUMLETA MBWA NYUMBANI

Upendo bila hesabu unaleta taabu. Wazazi waketi kwanza na kuulizana maswali haya:

• Je, chakula kitatosha? Mtoto wa mbwa anakula kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku. Akikua anakula mara moja au mbili. Kama nyumba inalala njaa, mwambieni mtoto ukweli kwa upole: "Sasa hatuwezi." Ni bora kuliko kumleta mbwa na kumwacha azunguke kuiba kwa majirani.

• Je, majirani wanasemaje? Nyumba zetu zimekaribiana. Jirani yetu Mwislamu analinda usafi wake wa sala, na mate ya mbwa yanamlazimu kusafisha tena. Tumheshimu. Mbwa asiingie uani kwake. Pia mwulizeni mwenye nyumba kama mnapanga, na mwenyekiti wa kijiji.

• Je, atalindwa vipi? Ndugu wanaoishi Kasese karibu na Hifadhi ya Queen Elizabeth wajue kwamba mbwa haruhusiwi kuingia hifadhini, na kuwinda humo ni kosa la sheria. Wazee wetu wa milima ya Ruwenzori waliwinda kwa mbwa, lakini nyakati zimebadilika. Tena chui anampenda sana mbwa. Usiku afungwe karibu na nyumba.

• Je, tutapata chanjo? Mbwa akifika miezi mitatu apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, na irudiwe kila mwaka. Ulizeni ofisi ya mifugo tarehe za chanjo. Mkipewa kadi, iwekeni pamoja na karatasi zenu za muhimu.

• Je, akizaa? Jike moja laweza kuzaa watoto wengi, na mimba yake ni miezi miwili tu. Kama hamuwezi, chagueni dume, au mwulizeni daktari wa mifugo kuhusu kumfunga kizazi.

5. KAZI ZA WATOTO KWA UMRI WAO

Mbwa wa mtoto asigeuke kuwa mbwa wa mama. Gaweni kazi:

Miaka 4 hadi 6: Kuhakikisha maji yapo katika bakuli. Kujifunza kutomvuta mkia wala masikio, kutomgusa anapokula au kulala. Mtoto wa umri huu asiachwe peke yake na mbwa, hata mbwa mpole.

Miaka 7 hadi 10: Kumpa chakula saa ile ile kila siku. Kufagia kinyesi na kukizika mbali na maji na mahali pa kuchezea. Kumwangalia funza na viroboto, maana funza anamwingia mbwa kama anavyotuingia sisi.

Miaka 11 na zaidi: Kumwogesha, kumfundisha kuketi na kuitika jina lake, kumpeleka kwenye chanjo pamoja na mzazi, kukumbuka tarehe ya dawa ya minyoo.

Wote wanawe mikono kwa sabuni baada ya kumgusa mbwa na kabla ya kula. Watoto wa mbwa huwa na minyoo hata wakiwa wanene, na minyoo mingine inawapata watoto wetu. Sisi tuliopita Mpondwe wakati wa Ebola hatuhitaji kufundishwa thamani ya maji na sabuni. Mbwa asilambe midomo wala vidonda.

Wala mbwa asipigwe ili ajifunze. Mbwa anayepigwa anajifunza kuogopa, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma. Akifanya vizuri, apewe kipande kidogo cha chakula na sauti nzuri. Nyumba nyingine zimegundua kwamba njia hiyo inafaa hata kwa watoto.

Kwetu kazi ya asubuhi ilikuwa ya mvulana. Tumefika alilia njaa saa kumi na mbili kasoro. Mtoto aliamka, akamlisha, akanawa, na akiwa tayari ameamka, akaenda shule. Tumbo la asubuhi likaanza kupungua. Jioni alimsomea mbwa kitabu cha Kiingereza cha P3. Mbwa hamcheki mtu akikosea.

6. SIKU ALIYOFICHA JERAHA

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike somo hili.

Likizo ya Agosti 2022, mbwa mgeni asiye na mwenyewe aliingia uani na kumshika Tumefika. Mwanangu aliwaachanisha kwa mikono. Tulirudi jioni tukamkuta Tumefika ana jeraha sikioni. Mtoto alivaa shati la mikono mirefu na joto lilikuwa kali. Nikamuuliza, "Wewe hukuumia?" Akasema hapana.

Usiku dada yake mdogo alianza kulia kitandani. Mama yake akambembeleza mpaka akasema: kaka aling'atwa mkononi, akamwapisha asiseme. Nikamwita mvulana. Nikamfunua mkono. Palikuwa na matundu mawili.

Ndugu zangu, nilitaka kugomba. Bwana akanizuia. Nikauliza tu, "Kwa nini ulinificha?" Akasema, "Ningekuambia, ungemuua Tumefika. Halafu ungesema amekwenda kulinda nyumba."

Maneno hayo yalinichoma kuliko meno ya mbwa. Uongo wangu wa mwaka 2019 ulikuwa karibu kumwua mwanangu mwaka 2022.

Kwa maana kichaa cha mbwa si mchezo. Kila mzazi ajue mambo haya, na awasomee watoto:

(i) Ugonjwa huu unaingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, akiuma, akikwaruza, au akilamba kidonda. Karibu watu wote wanaoupata wameambukizwa na mbwa.

(ii) Dalili kwa mtu zinaweza kuchelewa majuma au miezi. Zikishaanza, mtu karibu kila mara anakufa. Lakini kabla hazijaanza, chanjo inaokoa. Kwa hiyo saa ya kutenda ni saa ile ile ya kung'atwa, hata jeraha likiwa dogo.

(iii) Osha jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu. Imbeni nyimbo tatu au nne mkiendelea kuosha. Usipake pilipili, majivu, mafuta wala majani. Usilifunge kwa nguvu.

(iv) Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama hakina chanjo, waulize hospitali gani inayo, usirudi nyumbani kungoja. Chanjo hutolewa kwa sindano kadhaa kwa tarehe tofauti. Usiache hata moja kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

(v) Mwarifu mwenyekiti na ofisi ya mifugo. Mbwa aliyeuma, kama anajulikana na ni mzima, hafai kuuawa haraka. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoa mate mengi, anayeuma vitu ovyo au kushindwa kumeza, msimkaribie kabisa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu karibu 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi Asia na Afrika, na karibu wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Ndiyo maana tarehe 28 Septemba kila mwaka ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa kuokolewa na chanjo hii alikuwa mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, wa huko Alsace. Aling'atwa mwezi wa Julai mwaka 1885, na mama yake akasafiri naye mpaka Paris kumtafuta mwanasayansi Louis Pasteur. Mtoto akaishi mpaka utu uzima. Angalieni: mama yule aliweza kusafiri kwa sababu alijua kwamba mtoto ameng'atwa. Chanjo nzuri kuliko zote haimsaidii mtoto anayeficha.

Usiku ule tuliosha mkono wake, mama yake akimimina maji, mimi nikishika taa. Alfajiri tulienda. Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo, wakatuelekeza hospitali, tukapata. Kabla ya kuondoka nilimwambia mwanangu, "Sijui daktari wa mifugo atasema nini juu ya Tumefika. Lakini chochote atakachosema, nitakuambia hivyo hivyo alivyosema, na hakuna mtu atakayemgusa wewe usijue."

Daktari wa mifugo akauliza kama mbwa alichanjwa. Tukatoa kadi. Tulikuwa tumempeleka alipofika miezi mitatu, kama nilivyoahidi. Akasema kwamba mbwa ambaye hana chanjo angekuwa hatarini kuuawa, lakini huyu atachanjwa tena, afungwe na kuangaliwa kwa muda. Nikarudi nikamweleza mtoto maneno yote, hata yale ya kutisha. Akasikiliza. Halafu akasema, "Sindano yangu nyingine ni lini?" Alikuwa ameuliza tena kuhusu siku inayokuja.

Tumefika alipona. Mtoto alimaliza sindano zote.

7. UKWELI ULIO MCHUNGU

Tarehe 16 Juni 2023, usiku, waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha pale Mpondwe. Waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Tunaendelea kuziombea familia hizo. Watu wengi waliokuwa karibu na mpaka waliingiwa na hofu, na sisi tuliamua kuondoka Bwera kuja hapa kambini.

Gari letu halikuweza kubeba mbwa. Nilikuwa nimesimama tena mahali pale pale: mtoto, mbwa, na gari linalongoja. Neno tamu lilikuja mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia siku tatu kabla: "Tumefika hatakwenda nasi. Atabaki kwa bibi yako hapa Bwera. Sijui kama tutarudi. Sitakuambia kesho."

Alilia sana. Lakini alichukua kadi ya chanjo akampa bibi mwenyewe, akamweleza mwezi wa chanjo ijayo, na saa ya chakula. Njiani alilia mpaka tulipopita Kikorongo, na tukaingia mji wa Kasese bado analia. Tofauti ni hii: mwaka 2019 alilia akiwa amenigeuzia mgongo. Safari hii alilia kifuani kwangu.

Asubuhi ya kwanza hapa kambini hakuniuliza habari za kesho. Aliomba simu ampigie bibi.

8. MAMBO YA KUSHIKA

• Mtoto wa mkimbizi amesikia ahadi nyingi. Mpe chache, utimize zote.
• Kama huwezi, sema huwezi. Mtoto anaweza kubeba ukweli wenye uzito, akiubeba pamoja nawe.
• Usitumie mnyama wa mtoto kama tishio: "Ukikosea nitamtupa mbwa wako." Utamfundisha kuficha makosa, na siku moja ataficha jeraha.
• Uliyemwacha mbwa, mbuzi au kuku nyuma, mruhusu mtoto amlilie. Mungu aliyemwonyesha Yona kwamba anaihurumia Ninawi pamoja na wanyama wake wengi (Yona 4:11) hamcheki.
• Mbwa bila chanjo ni hatari kwa kijiji kizima. Chanjo ni sehemu ya kumpenda jirani.

9. MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Katika 2 Samweli 12:3, maskini alimtendeaje mwana-kondoo wake? Taja mambo matatu.
2. Watoto: Kuna ahadi ambayo papa au mama alisema na bado hamjaiona? Semeni bila kuogopa. Wazazi: Sikilizeni mpaka mwisho, msijitetee.
3. Tulipokimbia, ni mnyama gani tuliyemwacha? Jina lake lilikuwa nani?
4. Ukiumwa na mbwa leo ukiwa njiani kwenda shule, utafanya nini kwanza? Nani utamwambia?
5. Kwa nini Kutoka 23:12 inawataja mnyama na mgeni pamoja?

KAZI YA JUMA HILI: Kila mzazi amwahidi mtoto wake jambo moja dogo lenye siku maalumu. Lichoreni mlangoni. Litimizeni siku ile.

SALA: Bwana Mungu wetu, wewe hujawahi kusema neno usilolitimiza. Utusamehe sisi wazazi kwa maneno tuliyosema kwa hofu na haraka njiani. Uponye mioyo ya watoto wetu. Utufundishe kuwa waaminifu katika mambo madogo, hata kwa viumbe wadogo ulioviweka chini ya mikono yetu. Uwafariji wote waliopoteza watoto wao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.